Ukiigiza na kuongoza mwenyewe, neno "kata" mpe mwingine

Wadogo zangu wa Mbeya huniuliza sana kama mtu anaweza kuongoza filamu huku yeye ndiye mhusika mkuu. Anaweza. Marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, alipita kundi la maigizo la Kaole, akaigiza, akaongoza, na alipofariki Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu. Ila kuna kosa nililifanya Tukuyu, na sitaki mlirudie.

Tulikuwa tunashuti kando ya shamba la chai. Mama anamuaga mwanawe anayehamia Dar, na mwana ni mimi. Huyo mama tulimpata palepale kijijini, hajawahi kuigiza maishani. Kamera ilipowashwa akaanza kunifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, machozi yakimtiririka bila mtu kumwambia alie. Nikajua tumepata.

Jioni tukafungua kompyuta. Mama yupo, mimi sipo. Mikono yake iko kifuani kwangu, macho yangu yamepita juu ya bega lake yanamkagua kijana aliyeshika maiki. Sekunde moja tu, lakini hakuna mhariri wa kuiponya. Kesho yake Rungwe ikajifunika ukungu, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, hela ya chakula na nauli ikaisha. Tukarudi Mbeya bila ile sini.

Siku hizi nina msaidizi, na yeye ndiye anayesema "anza" na "kata". Kabla sijavaa nguo za mhusika, mtu wa kimo changu anasimama mahali pangu, natazama kwenye kamera, tunapanga mwanga na sehemu za kusimama. Nikishaingia kwenye sini sina amri tena. Na msaidizi achaguliwe yule anayeweza kukuambia usoni, "Kaka, hapo umedanganya." Akikuogopa, hana kazi.

Mkimaliza kila sini, itazameni hapohapo kabla ya kuhama, na hedifoni masikioni. Upepo wetu wa Juni na Julai sikio huuzoea, maiki haiuzoei kamwe. Valisheni maiki manyoya yake ya kuzuia upepo hata kama pametulia.

Yule mama bado yupo. Kila nikipita Tukuyu ananishika mkono, ananiuliza, "Mwanangu, ile picha yetu inatoka lini?"