Vipimo viko safi, mbona bado anaumwa?

Dada yangu kapimwa kila kitu, majibu safi. Halali, hataki kula, biashara yake ya dagaa pale Mwaloni kaiacha. Anajifanya? (Kirumba)

Hajifanyi hata kidogo. Huenda ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Daktari huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa: huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kukosa nguvu, kujiona hafai. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9, humsaidia kupima uzito wa dalili. Majibu safi huondoa baadhi ya magonjwa mengine tu, na inaniuma sana mgonjwa anaporudishwa nyumbani eti hana kitu. Mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo. Akitaja kufa, msimwache peke yake, nendeni leo hii.

Nasikia homoni ya kortisoli inaonyesha sonona. Nikapime? (Igoma)

Hela hiyo itunze. Kortisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku kwa kawaida, na maradhi au dawa huivuruga. Wenye sonona wengi huwa nayo juu, wengine wengi hawana. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya kipimo kilicholeta matumaini makubwa: mgonjwa anameza dawa ya deksamethasoni usiku, kesho yake anapimwa kortisoli. Kwa mtu mzima wa afya inashuka. Ilitarajiwa kwamba kwa mwenye sonona haitashuka. Lakini wagonjwa wengi wa sonona walipata majibu ya kawaida, na watu waliokonda au wenye maradhi mengine wakapata majibu ya sonona. Ndiyo maana kliniki hazikitumii kutambua sonona.

Mbona basi daktari kaniandikia kipimo cha tezi, sukari na wingi wa damu? (Sengerema)

Kafanya vema. Tezi ya shingo ikizembea, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa na kuwa mnyonge, na tiba yake ni dawa ya thairoksini. Upungufu wa damu nao huchosha. Huku ziwani kichocho na minyoo huuchangia. Wenye kisukari hupata sonona zaidi ya wengine, na hapo yote mawili hutibiwa. Mtajie pia dawa unazomeza: prednisoloni, kwa mfano, yaweza kubadili hisia zako.

Nimemeza vidonge vya sonona siku 5, sioni nafuu. (Ukerewe)

Bado mapema. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Usiache ghafla, vikikusumbua, rudi kwa aliyekuandikia.