Ndege wa Sabaki na Majira ya Kuwapiga Picha

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, majarida ya Ulaya ninayoyasoma husema kwamba ndege wa majini hufika Machi na Aprili, katika majira ya kuchipua, na kwamba huo ndio wakati bora wa kuwapiga picha. Mimi ni mkazi wa Malindi, na kila nikienda kwenye mlango wa Mto Sabaki mwezi wa Aprili naona ndege wakipungua. Je, nimechelewa? Na niende saa ngapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, hujachelewa, wala majarida hayo hayajakosea. Wengi wa ndege wanaopokewa kaskazini wakati huo ni wa jamii zilezile tunazoziaga sisi: hutufikia kuanzia Agosti, wakakaa nasi msimu wote wa kaskazi, kisha wakaondoka pepo zinapogeuka kuwa kusi, kama yalivyofanya majahazi ya Arabuni. Hata hivyo usiidharau Aprili. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda, ambaye Desemba ni wa kijivu tu, huanza kuota manyoya mekundu kabla ya kurudi kutaga Siberia, na kwangu mimi picha ya chamchanga aliyegeuka nusu ina thamani kuliko kundi zima la heroe.

Kuhusu saa, tazama mwezi kabla ya kutazama kamera. Pale Sabaki jua la asubuhi hutoka baharini, hivyo anayesimama upande wa bara hupata vivuli vitupu vya ndege. Lakini siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni mwako. Fika saa nane, maji yangali mbali, keti chini mchangani na utulie, kwa sababu maji yanayopanda huwasogeza ndege wenyewe kutoka kwenye matope hadi karibu nawe. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Kwa ndege anayeruka tumia kasi ya 1/1600 ya sekunde au zaidi, na kwa ndege mweupe punguza mwanga kidogo ili alama za manyoya zisipotee katika weupe. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yasipojaa sana, mpango huu haufai.

Usiwafuate kwa miguu. Aprili wanajaza mafuta ya safari, na kila wanaporushwa hupoteza sehemu ya akiba hiyo.

Zaidi ya hayo, Aprili hutuletea mgeni wetu wenyewe kutoka kusini: ndege mdogo wa kahawia mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anayetaga Madagaska na kukaa Sabaki hadi Septemba hivi. Hutua chini mchangani na rangi yake humficha kabisa, kwa hiyo pekua mchanga kwa darubini kabla ya kupiga hatua.