Jerome Robbins: baleti au Broadway?

SWALI: Mhariri habari, huyu Jerome Robbins wa Marekani mara naambiwa mtu wa baleti mara wa Broadway (zile kumbi kubwa za maonyesho New York), alikuwa upande gani hasa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Alikuwa mtunzi wa dansi, na alikuwa kote kote, ndo utamu wake. 1944 alitunga Fancy Free, baleti ya mabaharia 3 waliopewa ruhusa ya kutembea New York, muziki wa Leonard Bernstein, na mwaka huohuo ikazaa shoo ya Broadway, On the Town. Ila mi nampendea West Side Story ya 1957, shoo ya Broadway ya nyimbo na dansi kuhusu magenge mawili ya vijana yenye uhasama, mazoezini aliwatenganisha waigizaji wa genge hili na lile hata kula wasile pamoja, we angalia wanavyoalisha vidole kabla hata ngumi haijarushwa, uadui unauona kabisa! Filamu ya shoo hiyo ikampa Oscar 2. Halafu 1969 karudi kwenye kundi la baleti la New York City Ballet na baleti yake Dances at a Gathering, muziki wake ni piano tu, wa mtunzi Chopin.