Kwa nini kadi ya taarab inapiga kwaya

Haya, vijana wa RC522 (kile kisomaji kidogo cha kadi zenye chipu, kinachotumia mawimbi ya redio), tulieni kidogo. Wazo lenu ni zuri: albamu zimerundikana kwenye diski, hakuna anayezipekua tena, basi kila moja ipate kadi yenye picha ya jalada. Unapekua boksi kwa mkono, unachomoa kadi, unaiweka juu ya kisanduku chenye kisomaji, Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inapiga albamu hiyo. Shida ni kwamba mnakwama palepale walipokwama waliowatangulia.

1. Umeme. RC522 ni ya volti 3.3, si 5. Na zile pini zinazokuja zimelegea ndani ya pakiti zichomeeni kwa risasi ya kuungia nyaya. Kuzishikilia kwa kidole si kuunga.

2. Kadi ziwe za masafa ya 13.56 MHz. Za 125 kHz hazisomeki hata mkikesha mkisali. Stika za NTAG213, zenye chipu ndani, zinatosha. Kitufe cha kufunga stika kwenye programu ya simu msikiguse: ikishafungwa haifunguki.

3. Namba ya kadi. Hapa ndipo mnaponichosha. RC522 kwa kawaida huja na kadi nyeupe na kishikio cha buluu, vyote MIFARE Classic (aina nyingine ya chipu), mara nyingi vya namba ya utambulisho ya baiti 4. Mnajaribu, muziki unalia, vifijo. Kisha mnanunua stika za NTAG, zenye namba ya baiti 7, na msimbo mnauacha uleule. Sasa, baiti 7 haziji kwa mkupuo mmoja. Kisomaji huziomba kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, amri 0x93, inaleta 0x88 (maana yake bado zipo nyingine), baiti 3 za mwanzo, na moja ya uhakiki. Baadhi ya maktaba nyepesi (msimbo ulioandikwa tayari) za lugha ya Python huishia hapo na kuwapa hicho kipande kana kwamba ndiyo namba nzima. Hebu pigeni hesabu: 0x88 ni ileile kwa zote, inayofuata ni 04 ya mtengenezaji NXP, ya uhakiki inakokotolewa kutoka kwa hizo nyingine. Zimebaki baiti 2 za kutofautishia kadi! Kwa stika 10 za majaribio hamtaona kitu. Mkifika 300, hata baiti hizo zikiwa za kubahatisha kabisa, uwezekano wa mbili kufanana ni karibu nusu kwa nusu, na ndiyo hiyo kadi ya taarab inaporomosha kwaya. Mnakilaumu kisomaji, mnanunua kipya, nacho kinasoma vilevile. Chapisheni namba mbichi: zikianza zote na 136, 4 (yaani 0x88 na 04), jibu mnalo. Endeleeni na awamu ya pili, 0x95, au tafuteni maktaba inayoifanya yenyewe, kisha sajilini kadi upya. Ndiyo, zote.

4. Kadi isielekezwe kwenye njia ya folda. Ielekee kwenye kitambulisho cha albamu, na jedwali moja ndilo lijue folda iko wapi. Kuna siku mtu atabadili jina la folda "Taarab" iwe "Taarabu".

5. Kisanduku. Plaiwudi ya milimita 3 haina neno. Kopo la biskuti linapendeza, lakini bati linaua antena.

6. Sura ya kadi. Kadi zikisimama kwenye boksi, kinachoonekana ni ukingo wa juu tu, nanyi jina mnaliandika chini! Kadi ni milimita 85.6 kwa 54. Simamisheni kadi, jalada la mraba likae chini kwa milimita 54. Juu zinabaki kama 32, na jina la msanii liguse ukingo.