Jibu: Waranti ya pikapu inaisha, nikague au niache?

Salama mkuu. Umeuliza kama kuna haja ya kulipia ukaguzi wakati pikapu haina shida na waranti imebakiza wiki tano. Lipia.

Anza na kitabu cha waranti. Huwa ni miaka au kilomita, kinachotangulia ndicho kinachofunga. Wewe unayepiga Mwanza–Musoma kila wiki, kilomita zinaweza kukuwahi.

Yangu niliipeleka kwa fundi mwenye shimo la kukagulia gari kwa chini, pale Nyakato, Mwanza, si kwa walioniuzia. Akamulika tochi chini: sili ya difu (mpira unaozuia oili ya gia za ekseli isivuje) inatoa jasho la oili, vumbi limegandia pale kama ukoko wa ugali. Ukisimama nje huoni kitu. Nikapiga picha, nikapeleka barua kwa walioniuzia, nikadai nakala yenye muhuri na tarehe. Muhuri huo ndio ulioniokoa, maana spea ilifika waranti imeshakwisha na wakataka kunigeuka.

Fundi wako aangalie tu, asifungue kitu. Pedi za breki usijisumbue nazo, hizo zinahesabiwa ni za kuchakaa. Na beba rekodi zote za sevisi. Mimi karatasi moja ilikosekana, nikazungushwa siku mbili.