Barua kwa mwanangu: miale mara mbili tu

Mwanangu Neema,

Umeniuliza mbona daktari amempangia Baba Tumaini miale ya kutibu kansa mara mbili tu kwa lile baka la pajani, ilhali jirani yenu hapo Kayole mwenye kansa ya koo alikwenda mara 35. Unahofu wamemkatia tamaa. La, mama, hawajamkatia tamaa.

Miale hupimwa kwa Grei. Kansa ya koo kwa kawaida hupewa 70, mbili kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Ugonjwa wa mumeo, mycosis fungoides, ni limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu: zile za aina ya T zimehamia ngozini, na hizo hufa upesi zikipigwa na miale. Grei 8, yaani 4 mara mbili, mara nyingi hulifuta baka zima. Tena ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ngozi iliyochomwa kidogo inaweza kuchomwa tena. Iliyokwisha kubeba kipimo kikubwa ni vigumu.

Atapigwa miale ya elektroni, ambazo huishia sentimita chache tu ndani. Shida yake ni kwamba juu kabisa ya ngozi huwa hazijafikia nguvu kamili, ndiyo maana watalifunika baka kwa bolasi, kipande laini kinachonesa kama jeli nzito, unene wa nusu sentimita au 1. Hapo muwe macho. Paja ni la mviringo. Hewa ikibaki chini ya bolasi, kipimo hakiwi sawa. Akihisi imenyanyuka, aseme kabla wahudumu hawajatoka chumbani. Mstari wa kalamu watakaochora kuonyesha mahali pa kupiga miale utapita nje ya baka, sentimita 1 au 2, maana ugonjwa huvuka ukingo tunaouona. Asiusugue akioga.

Haiumi, wala miale haibaki mwilini. Ampakate Tumaini jioni hiyohiyo.

Msitarajie baka lipotee kesho yake. Linaweza kwanza kuwasha na kukoza rangi, kisha kubambuka kidogo, ndipo linyauke polepole kwa wiki kadhaa. Ngozi yetu hubaki na weusi kwa miezi. Ukiwa laini na tambarare, mara nyingi ni rangi tu. Pakinyanyuka au pakirudisha magamba, mwonyesheni daktari. Pakitoa usaha, au akishikwa na homa, nendeni siku hiyohiyo.

Na ile dawa ya choa aliyoletewa, aiache. Jina la ugonjwa linataja kuvu kwa sababu Alibert, daktari wa Ufaransa, mwaka 1806 aliona uvimbe uliofanana na uyoga. Kuvu hamna.

Kwa baridi hii ya Julai najua atavaa jinzi. Itamkwaruza, mtafutie suruali pana ya pamba. Na leo, kabla hajachorwa, lipige picha baka hilo mchana karibu na dirisha, rula ikiwa pembeni, mpate cha kulinganisha mkirudi kliniki.

Mama yako