Kamera ya anga si kamera ya kukamata mwizi

Karibu kila kamera ya nje inayouzwa madukani imepangwa kiwandani imsake mtu. Ndiyo maana huwasha taa zake za infraredi giza likiingia, hurekodi kitu kikitikisika, hung'arisha penye kivuli ili sura ionekane, na fundi anayekuja kuifunga huielekeza getini bila hata kukuuliza. Wewe umenunua kituo kidogo cha hali ya hewa, umekifungulia tovuti, na sasa unataka picha ya anga ikae kando ya namba za joto na mvua. Unahitaji kamera hiyohiyo, ila iliyopangwa kinyume chake karibu kwa kila kitu. Nitatumia mfano wa Moshi kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini mengi yatakufaa hata ukiwa Mbeya au Kisumu.

Kabla hujatoboa ukuta, amua kamera itazame wapi. Huku kwetu karibu na ikweta jua halihami sana: mwezi Juni huchomoza digrii 23 hivi kaskazini mwa mashariki, Desemba kiasi hichohicho kusini mwake. Kamera inayotazama mashariki italikodolea jua kila asubuhi, na ya magharibi kila jioni. Utapata doa jeupe katikati na giza pembeni, tena katika zile saa ambazo anga lina mengi ya kuonyesha. Bora itazame kaskazini au kusini. Moshi tuna bahati, maana Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, iko kaskazini ya mji. Wapo wanaohofia jua la Juni kwa kuwa adhuhuri huwa upande uleule wa mlima, lakini saa hiyo liko digrii 63 hivi juu ya upeo wa macho, nje kabisa ya picha ya kamera ya kawaida.

Lenzi ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Ukisimama barazani asubuhi, Kibo imelijaza anga. Sasa piga hesabu: kilele kina mita 5,895, mji uko kwenye mita 900 hivi, na kati yenu kuna kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kilele kinakuwa digrii 9 tu juu ya upeo. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo fundi atakuletea kwa sababu inaona uwanja wote, huchukua upana unaozidi digrii 100, na ndani yake mlima mrefu kuliko yote Afrika utauona kama kichuguu. Lenzi ya milimita 6 hupunguza upana ukabaki digrii 50 na kidogo. Mlima unapata nafasi yake na juu yake panabaki anga la kutosha. Nyumba yako ikiwa haina mlima wa kutazama, basi ile pana ndiyo yako, kwa sababu unachofuata ni mawingu. Vyovyote iwavyo, uweke upeo wa macho kwenye robo ya chini ya picha. Bustani ya mama mwenye nyumba ni nzuri, lakini haitabiri mvua.

Katika hiyo robo ya chini, hakikisha kuna vitu unavyojua umbali wake. Mnara wa simu, paa la kanisa, mti mkubwa barabarani: pima kila kimoja kwenye ramani ya simu na uandike. Katika hali ya hewa, hesabu ya ukungu huanza pale usipoweza kuona kitu kilicho mita 1,000 kutoka ulipo. Ukiwa na mnara ulio umbali wa mita 900 na mwingine ulio kilomita 4, picha moja inakuambia asubuhi ile ilikuwa ya ukungu mzito au utusitusi tu, na Kibo yenyewe ni alama ya kilomita 30 uliyopewa bure. Kwangu hili ndilo linaloipa kamera heshima ya kukaa pamoja na kipima mvua: imekuwa kipimo.

Kuifunga si kazi ngumu. Tafuta sehemu chini ya upenu, mvua isipoipiga usoni na jua la mchana lisipoichoma mgongoni, na uiache nafasi ya shibiri moja au mbili kutoka kwenye bati, maana joto la bati saa nane mchana si la mchezo. Alama ya IP66 au IP67 kwenye boksi ina maana mwili wa kamera hauingizi maji. Haisemi kitu kuhusu ile pacha ya waya, yaani maungio ya kebo, inayoning'inia nyuma yake. Maji huingia hapo. Pacha yote ikae ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa vizuri, na waya ushuke chini kidogo kisha upande kabla ya kuingia kwenye tundu la ukuta, ili tone linalotambaa juu yake lidondokee njiani lisifike ndani.

Waya wenyewe usiununue kwa bei tu. Madukani kuna rola nyingi za kebo ya mtandao ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, ukwangue uzi mmoja kwa ncha ya kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Ninasisitiza hili kwa sababu nashauri kamera ipate umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, utaratibu ambao kwenye boksi huandikwa PoE. Swichi ya mtandao au kifaa kingine cha PoE kinakaa ndani ya nyumba, kinasukuma volti 48 hivi hadi mita 100, na kule nje huhitaji soketi wala adapta ya kulowana. Alumini inapoteza umeme njiani na hukatika kirahisi kwenye kichwa cha kebo. Hakikisha pia swichi na kamera vyote vinafuata kiwango cha 802.3af, kuna vifaa vya bei poa vinavyosukuma umeme bila kuulizana na kamera, na hivyo vikikosana huunguza.

Umeme wa nyumbani ukikatika, rauta, swichi na kamera vyote huzimika kwa pamoja, kwa hiyo viwekee betri moja inayovihudumia vyote. Kuwa na kamera hai na rauta iliyokufa hakukusaidii. Radi ni jambo jingine. Kebo inayotoka nje ya nyumba ni njia ya radi kuingia sebuleni, hata ikipiga mti wa jirani. Weka kifaa cha kinga ya radi mahali kebo inapoingia ndani, kikiwa na waya wa ethi ulioshuka ardhini kweli. Bila ethi ni pambo. Na ngurumo zikikaribia, kuchomoa kebo bado ndiyo kinga bora.

Sasa ingia kwenye mipangilio, maana hapa ndipo unapoanza kuigeuza kamera ya mwizi iwe ya anga. Kwanza zima infraredi. Ile taa haifiki mawinguni. Inafika kwenye matone ya mvua, wadudu na utando wa buibui ulio sentimita tano mbele ya lenzi. Buibui hupenda hapo kwa sababu kuna wadudu na joto kidogo. Uzi mmoja ambao mchana huuoni kabisa, usiku ukimulikwa huwa kamba nyeupe nene inayokatiza picha yote. Ukiizima taa utabaki na usiku wake halisi, taa za mji na, msimu wa masika, radi za mbali. Kamera ikiruhusu, iache ikae wazi kwa theluthi ya sekunde au hata sekunde nzima usiku. Mawingu hayakimbii kiasi cha kuharibu picha.

Kisha mwanga wa mchana. Ukiiacha yenyewe, kamera hupima mwanga wa picha nzima, inaona migomba myeusi hapo chini, inaihurumia, inafungua zaidi, na kule juu theluji ya Kibo na mawingu yote vinaungana kuwa karatasi nyeupe. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuchagua eneo la kupimia mwanga na uchore kisanduku juu ya anga peke yake. Kinachoitwa BLC kizime, kazi yake ni kung'arisha uso wa mtu aliyesimama dhidi ya mwanga. WDR, inayosawazisha penye mwanga mkali na penye kivuli, ijaribu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, asubuhi na adhuhuri. Baadhi ya kamera huifanya vizuri, nyingine huzungusha kingo za mawingu mstari wa ajabu. Utambuzi wa mjongeo, kengele, sauti: zima vyote.

Kuhusu kufikisha picha kwenye tovuti, nina msimamo mmoja: tuma picha mnato, usirushe video. Video ya megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Picha moja ya kilobaiti 300 kila baada ya dakika 5 ni picha 288 kwa siku, megabaiti 86, yaani gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Hiyo hata bando la kawaida linabeba. Na wingu halibadiliki kiasi cha kudai zaidi. Picha hizohizo 288 ukiziunganisha kwa picha 24 kila sekunde, unapata siku nzima kwa sekunde 12, na hapo ndipo utaona jinsi mawingu yanavyoanza kuvaa mlima kati ya saa tatu na saa nne asubuhi kisha yakauvua jioni. Programu ya bure ya ffmpeg inafanya kazi hiyo.

Picha iende yenyewe kutoka nyumbani hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako. Usijaribu kuwaleta wasomaji kwenye kamera. Kwanza, laini nyingi za simu hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, kwa hiyo hawataifikia. Pili, ukiweza kuwafungulia mlango, umewafungulia na wengine. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilijikusanyia jeshi la kamera na vifaa vya nyumbani ambavyo wenyewe hawakubadili nywila ya kiwandani, na mwezi Oktoba mashambulizi yake yaliyumbisha huduma za intaneti kwa sehemu kubwa ya Marekani. Badilisha nywila siku ya kwanza, na zima ile huduma ya kuitazama kamera ukiwa mbali kama huihitaji.

Kamera nyingi zinaweza kutuma picha zenyewe kwa FTP, njia ya kupeleka mafaili kwenye seva. Mimi napendelea kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ileile inayoendesha WeeWX au programu nyingine ya kituo, iichukue picha kwenye kamera, iipunguze upana, iandike juu yake joto na unyevu wa dakika hiyo, ndipo iitume. Iitume kwa jina la muda, kisha ikishafika yote ibadilishwe jina. Usipofanya hivyo, atakayefungua ukurasa katikati ya safari ya faili ataona nusu ya juu ya mlima na rangi ya kijivu chini yake.

Majirani nao. Lenzi iliyonyanyuliwa kutazama anga kwa kawaida haiwasumbui, lakini ikichukua dirisha au ua wa mtu, funika sehemu hiyo kwa kisanduku cheusi kwenye mipangilio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Hata bila sheria, kubisha hodi kwa mama wa nyumba ya pili na kumwonyesha picha kwenye simu humaliza minong'ono mapema.

Mwisho ni saa. Kamera nyingi huja na saa za China, zilizotutangulia kwa saa tano. Weka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, na uielekeze kwenye seva ya saa ya mtandaoni, kwa sababu umeme ukikatika baadhi yake hurudi mwaka 1970. Muda uandikwe kwenye picha yenyewe. Msomaji anayechungulia tovuti yako kabla ya kuanika kahawa hana njia nyingine ya kujua kama anga lile jeupe ni la sasa hivi au la jana jioni, maana kamera ikifa picha ya mwisho hubaki palepale. Andika skripti fupi inayokagua umri wa faili: ukizidi dakika 20, picha iondolewe na mahali pake paandikwe kwamba kamera haiko hewani.